Picha kali, sauti mbovu: jinsi ya kupata sauti safi ukirekodi video kwa simu

Wadau habari zenu. Kuna kitu nakiona sana huku mitandaoni na kinaniuma kweli. Mtu kahangaika kumpata bibi wa miaka 80 na ushee anaeijua Kariakoo ya zamani nyumba kwa nyumba, kamkalisha vizuri, mwanga upo, picha inang'aa, halafu ukianza kuangalia unakutana na feni, bodaboda zinapita, na bibi mwenyewe anasikika kama anaongelea ndani ya pipa. Dakika mbili tu mtu anahama. Na yale maneno ya bibi ndio yamepotea hivyo, maana hata ukirudi kesho hawezi kuyasema tena vile alivyoyasema mara ya kwanza. Picha mbovu watu wanavumilia, video za zamani zina chenga na tunaziangalia mpaka mwisho, ila sauti ya kukaza masikio hakuna mwenye muda nayo.

Nitaongelea zaidi mahojiano, yaani mtu kakaa anaongea na simu iko kwenye stendi mbele yake, maana ndio kazi ninayoifanya, ila ukishaelewa hapo hata mapishi, mawaidha, masomo ya mtandaoni na matangazo ya biashara yako utayaweza. Na nianze na lile ambalo watu hawapendi kulisikia: sauti nzuri inapatikana siku ya kurekodi. Programu za kusafisha zipo na nitazieleza huko chini, lakini zinasaidia sauti iliyokuwa nzuri iwe nzuri zaidi. Iliyoharibika kabisa zinaifanya iwe mbovu kwa namna nyingine.

Umbali kwanza, mengine yote baadae

Ukiniuliza kitu kimoja cha kushika ni hiki, maiki iwe karibu na mdomo. Kila ukizidisha umbali mara mbili sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja inashuka kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Sasa chukua maiki iliyobanwa kifuani, sentimita 20 hivi toka kidevuni, kama shibiri moja, halafu ilinganishe na simu iliyoko kwenye stendi mita moja na nusu na kitu. Toka 20 kwenda 40, toka 40 kwenda 80, toka 80 kwenda 160, hapo umbali umejirudufu kwa awamu tatu, umepoteza desibeli 18. Na kumbuka feni haijapungua, mwangwi wa kuta haujapungua, barabara haijapungua, vyote viko pale pale, kilichopungua ni mtu wako peke yake. Simu nayo kwa vile inajipandishia sauti yenyewe inapoona mtu anasikika mdogo, inapandisha na ile takataka yote. Ndio maana ukisikiliza video nyingi za simu, mtu akinyamaza kidogo unasikia kelele inapanda shhhh, akianza kuongea inashuka. Simu nyingi zinafanya hivyo zenyewe na hujaharibu kitu, ila dawa yake ni kuipa sauti ya kutosha ili isiwe na sababu ya kupandisha.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote sogeza simu. Kama video yako haihitaji kuonyesha mwili mzima basi kaa karibu, sura na mabega yanatosha. Na kama una simu mbili, hata ile ya zamani iliyopasuka kioo, hiyo ya pili ndio maiki yako. Fungua programu ya kurekodi sauti iliyomo kwenye simu, iweke mfuko wa shati wa kifuani, upande wenye maiki, ambao kwa simu nyingi ni chini pale kwenye tundu la chaji, uangalie juu, bonyeza rekodi, halafu kabla ya kuanza piga kofi moja zito mbele ya kamera. Lile kofi linaonekana kwenye picha na linasikika kwenye simu zote mbili, ukija kuediti unaoanisha pale viganja vinapokutana na ile sauti ya kofi, basi umemaliza. Hii njia haina gharama na nawaambieni ukweli inashinda maiki nyingi za bei chee zinazouzwa na matangazo makubwa.

Halafu hizo simu mbili ziweke kwenye hali ya ndegeni. Simu ikiita katikati ya maelezo inaweza kukatisha rekodi, na hata isipoita, mtandao ukitafuta mawasiliano kuna ule mlio wa tit-tit-tit unaoingia kwenye waya wa maiki na hautoki kirahisi.

Chumba

Watu wengi wakisikia sauti mbaya wanalaumu maiki wakati tatizo ni chumba. Nyumba zetu nyingi zina kuta za saruji, chini marumaru, juu jipsam, dirisha la kioo, vyote hivyo vinarudisha sauti. Ingia chumbani piga kofi moja halafu nyamaza usikilize mkia wake. Kofi likikatika papo hapo chumba kiko vizuri. Ukisikia linabaki linalia kidogo, tiiing, hapo sauti ya mtu wako itafanya hivyo hivyo kwenye kila neno, na huo mwangwi ukishaingia kwenye rekodi kuutoa ni shida kuliko kelele ya feni.

Sebule yenye makochi ya kitambaa, zulia na mapazia mazito ni nzuri kuliko ofisi mpya yenye kila kitu cha kung'aa. Chumba cha kulala ni kizuri zaidi kwa sababu ya godoro na nguo. Ukilazimika kutumia chumba kitupu, chukua godoro lisimamishe nyuma ya kamera, yaani pale ambapo anaeongea anapaangalia, maana sauti inatoka mdomoni inaenda mbele, inapiga ule ukuta ndio inarudi kwenye maiki. Watu huwa wanatundika mablanketi nyuma ya mtu ili picha ipendeze wakati ukuta unaosumbua zaidi ni ule ulio mbele yake. Chini tandika mkeka mnene au blanketi, juu ya meza tupa kanga au taulo, meza tupu nayo inarudisha sauti vizuri tu. Usimkalishe mtu katikati kabisa ya chumba wala kwenye kona, mtoe kidogo upande mmoja. Vile visponji vyembamba vya kubandika ukutani vinavyouzwa kwa pakti vinapunguza ile michirizi ya juu ya sauti, uzito wa chini unabaki, kwa hiyo kabla hujavinunua jaribu godoro ambalo tayari unalo.

Ukitaka kurekodi maelezo tu ya kuweka juu ya picha, yaani sura yako haihitajiki, ingia kwenye gari lililozimwa, funga vioo, viti na mazulia yale yanameza sauti vizuri mno. Kwa joto la Dar fanya asubuhi na usikae sana humo.

Kelele zenyewe sasa. Kabla ya kurekodi kaa kimya nusu dakika, fumba macho, hesabu unachosikia. Utashangaa vitu masikio yako yalivyokuwa yameshavizoea. Feni zima, kiyoyozi zima, friji chomoa, na ukichomoa friji la watu weka funguo zako juu yake ili usiondoke ukalisahau, samaki wa watu wakaoza. Saa ya ukutani inayogonga tik tik ipeleke chumba kingine. Funga dirisha la upande wa barabara hata kama mtajisikia joto, rekodi kwa vipande vya dakika kumi kumi halafu washa feni mpumzike. Kama nyumba ni ya bati na ni kipindi cha masika, angalia wingu, mvua ikianza kupiga bati hakuna maiki itakayokuokoa, nyie kunyweni chai msubiri. Adhana nayo ina muda wake unajulikana, panga kazi yako iishe kabla au ianze baada, kwanza ni heshima na pili ukikata katikati kuunganisha inasumbua. Kunguru wa Dar hao hawana ratiba, ila saa za asubuhi sana na jioni ndio wanazidi.

Bodaboda ikipita kwa kishindo wakati mtu anaongea kitu cha maana usione aibu, mwambie taratibu, "Bibi samahani, pikipiki imetuingilia, naomba urudie hapo uliposema kuhusu ile nyumba ya kona." Anaelewa. Mwombe arudie sentensi nzima toka mwanzo ili upate mahali pa kukatia. Na mkishamaliza kila kitu, msiinuke, waombe wote mnyamaze sekunde 30 na rekodi inaendelea. Hicho kimya cha chumba ni mali, kitakusaidia kuziba mapengo ukikata maneno, na kitakusaidia kusafisha kelele kwenye kompyuta.

Maiki ya kununua

Kwa mahojiano ya kukaa sioni sababu ya kuanza na kitu kingine zaidi ya maiki ya kubana kifuani yenye waya. Inayojulikana zaidi ni Boya BY-M1, waya wake una mita 6, ina swichi ya kuchagua simu au kamera na inatumia kibetri kidogo cha LR44. Hapo kwenye swichi zingatia, watu wanapata sauti ya ajabu au ya chini sana kumbe swichi iko upande wa kamera na wao wanatumia simu. Kariakoo zimejaa, na za kuigiza nazo zimejaa, kwa hiyo nenda na simu yako, ijaribu hapo hapo dukani na usikilize kwa eafoni kabla hujatoa hela.

Angalia pini pia. Pini ya maiki ya simu ina vistari vitatu vyeusi, ya kamera ina viwili. Ukichomeka yenye viwili kwenye simu, simu haioni maiki, inaendelea kurekodi kwa maiki yake yenyewe kimya kimya na wewe unajua mambo yako safi. Simu zisizo na tundu la eafoni zinahitaji adapta, iPhone zilianza kuliondoa tundu hilo mwaka 2016 na iPhone 7, na Android nyingi zikafuata. Hizo adapta nazo si sawa, zipo za kusikilizia muziki tu na zipo zinazopokea na maiki, na simu nyingi za Type-C zinataka ile yenye chipu ndani. Muulize muuzaji wazi kabisa, inapokea maiki? Na mwambie akuonyeshe.

Namna ya kuhakikisha simu inatumia maiki ipi ni rahisi sana na ninaifanya kila kazi. Bonyeza rekodi, kwaruza maiki taratibu kwa kucha, halafu kwaruza simu yenyewe pale chini. Simamisha, sikiliza. Mkwaruzo mkali ni wa kitu gani? Kama ni wa simu basi maiki yako haijaingia. Hapo programu ya kamera iliyokuja na simu inaweza kuwa ndio mbishi, wewe pakua Open Camera, ni ya bure kwa Android, ukiingia kwenye mipangilio ya video kuna sehemu ya kuchagua chanzo cha sauti, chagua maiki ya nje. Blackmagic Camera nayo ni ya bure, iko kwa iPhone na kwa baadhi ya Android, na uzuri wake inakuonyesha mistari ya sauti inavyopanda na kushuka wakati unarekodi.

Hizi maiki ndogo zisizo na waya ambazo kipokeaji unakichomeka tundu la chaji ni nzuri kwa mtu anaetembea, sokoni, shambani, kwenye ujenzi. Nyingi zinatumia masafa ya 2.4 GHz, yale yale ya Wi-Fi na Bluetooth, kwa hiyo kwenye mkusanyiko wa watu wengi wenye simu zinaweza kukatika katika. Usiweke mwili wa mtu katikati ya maiki na kipokeaji, maji yaliyomo mwilini yanameza mawimbi hayo, akigeuka mgongo sauti inakata. Na ule mfumo wa kupunguza kelele uliomo kwenye zile za bei nafuu uzime, unaminya sauti ya mtu inakuwa kama ya simu ya mezani, kelele utazipunguza mwenyewe baadae kwa utaratibu.

Eafoni za Bluetooth usitumie kama maiki. Zikianza kupokea sauti zinahamia kwenye mfumo wa kupigia simu, sauti inapungua ubora mara moja.

Ile maiki ndefu ya kuweka juu ya kamera watu wanaipenda kwa sababu inaonekana ya kikazi. Ni nzuri kama unaweza kuileta juu ya kichwa cha mtu nje kidogo ya picha. Ikibaki juu ya kamera mita mbili toka kwa mtu, kwenye chumba chenye mwangwi, utapata mwangwi ule ule, na zile hesabu za umbali nilizoeleza juu hazimwangalii mtu usoni.

Kubana maiki kwenye nguo

Hapa ndio kazi nyingi zinaharibika. Mahali pake ni katikati ya kifua, shibiri moja chini ya kidevu. Ukiipeleka juu sana karibu na shingo kidevu kinaifunika na sauti inakuwa nzito ya kuzibwa. Kama mtu atakuwa anageuka muda wote kumwangalia muulizaji aliekaa kulia kwake, bana maiki upande huo wa kulia.

Kwa akina mama wenye mtandio au hijabu, maiki ikae nje ya kitambaa, na waya upite ndani kwa chini. Ukiificha chini ya kitambaa laini cha polyester kila akipumua unasikia kush kush kush. Kanga na nguo za pamba zina utulivu zaidi, hizo hata ukificha chini yake unaweza kusalimika. Usimbane mtu mwenyewe bila kuomba, hasa mtu mzima. "Bibi shikamoo tena, naomba nikusumbue kidogo, hiki kidude ukibane hapa kwenye kanga, waya upitishe ndani." Atabana mwenyewe au atamwita mjukuu wake wa kike amsaidie. Angalia mkufu, hereni ndefu, tasbihi, beji ya kazi, chochote kinachoning'inia karibu na maiki kitagonga, mwombe akiweke pembeni kwa muda. Waya ukunje kitanzi kidogo chini ya ile klipu ukibandike na plasta kwenye nguo, hapo hata waya ukivutwa huko chini mtikisiko haufiki kwenye maiki.

Kipimo cha sauti

Usimwambie mtu aseme moja mbili tatu. Atasema kwa sauti ya chini ya aibu, wewe utapandisha, akianza kusimulia na kucheka kila kitu kinapasuka. Muulize ameamkaje, jana usiku kulikuwaje mtaani, mwache aongee kwa kawaida yake, na mchekeshe kidogo maana kicheko ndio kinapanda juu kabisa. Kama programu yako ina mistari ya vipimo, maongezi ya kawaida yafike kwenye desibeli -12 hivi, kicheko kifike -6, na sifuri, ambayo ndio mwisho wa kipimo, isiguswe kabisa. Sauti iliyogonga sifuri inakatwa vichwa, ule mkwaruzo hauna dawa ya kweli, ila sauti iliyorekodiwa chini kidogo unaweza kuipandisha. Kwa hiyo ukiwa na wasiwasi punguza. Kama kuna sehemu ya kuchagua, weka 48 kHz ambayo ndio kipimo cha video, 44.1 ni ya mambo ya muziki wa CD.

Na vaa eafoni. Sikiliza wakati mnarekodi kama simu yako inaruhusu, na kama hairuhusu basi rekodi dakika moja ya majaribio, isikilize yote, ndio uanze. Haya mambo yote niliyoyaandika, waya uliochomoka, betri iliyokwisha, nguo inayosugua, yanasikika ndani ya hiyo dakika moja.

Nje na kwenye upepo

Upepo ukiingia kwenye maiki zile buuu buuu si sauti iliyoko hewani, ni hewa yenyewe inapiga kwenye maiki, ndio maana wewe hausikii sana lakini maiki inalia. Kile kisponji cheusi kinachokuja na maiki kinasaidia pumzi ya mtu akitamka p na b, kwa upepo wa Coco Beach hakifui dafu. Unataka manyoya, kile kifuniko cha nywele nywele ndefu. Ukikosa, kipande cha kitambaa cha manyoya kutoka kwa fundi nguo kishone kama kikofia kidogo kisichobana. Mtu akae upepo umpige mgongoni ili mwili wake uwe kinga ya maiki. Pwani kipindi cha kaskazi na kipindi cha kusi upepo una mwelekeo unaotabirika, kwa hiyo chagua ukuta, kibanda au gari la kujikinga upande huo kabla hujaanza kupanga picha. Na mawimbi yakiwa makubwa rudi nyuma mbali na maji, bahari itaonekana tu kwenye picha.

Sherehe na spika kubwa

Harusini au kwenye mkutano, simu ikiwa karibu na sabufa imekwisha. Njia nzuri ni kuongea mapema na mtu wa mitambo akupe sauti toka kwenye miksa, kwenye tundu la kurekodia. Usiichomeke moja kwa moja kwenye tundu la maiki la simu, sauti ya miksa ina nguvu mno kwa tundu hilo, inapasuka. Tumia kirekodi kidogo chenye mlango wa line, yaani wa kupokea sauti yenye nguvu kama ya miksa, au waya wenye kipunguza nguvu. Kuna tatizo moja linawachanganya watu hapa, kwenye eafoni unasikia sauti japo ya ajabu ajabu, ukicheza kwenye spika ya simu MC hasikiki kabisa. Hiyo ni waya umeleta sauti upande wa kushoto na wa kulia zikiwa kinyume, spika moja inazijumlisha zinafutana. Futa upande mmoja, ubaki na mmoja ukiwa mono, yaani sauti moja kwa pande zote, MC anarudi. Pia weka simu nyingine mbali ikirekodi ukumbi, vigelegele na makofi ya watu havipiti kwenye miksa na harusi bila vigelegele haijanoga.

Kusafisha baadae

Kwenye kompyuta natumia Audacity, ni ya bure tangu ilipotoka mwaka 2000. Ili ifungue video ya mp4 kwenye Windows inahitaji nyongeza inayoitwa FFmpeg, au toa sauti kwanza kwa VLC au CapCut uilete kama faili ya sauti. Sauti ikija upande mmoja tu wa eafoni igawe iwe mono kabla ya yote.

Kisha utaratibu wangu uko hivi, na mpangilio una maana yake. Kwanza naondoa mngurumo wa chini kwa High-Pass Filter kwenye 80 Hz, kwa sauti za kike naweza kufika 100. Pale chini hakuna maneno ya mtu, kuna malori, upepo na ule mvumo wa umeme wetu wa 50 Hz. Pili ndio kelele ya kudumu kama feni ya jirani. Natafuta kile kimya cha sekunde 30, nachagua sekunde mbili tatu zisizo na pumzi wala kiti kulia, nafungua Noise Reduction na kubonyeza Get Noise Profile. Halafu nachagua rekodi nzima, nafungua tena pale pale, na hapa ndio watu wanazidisha. Mimi naanza na desibeli 6, nasikiliza, nikihitaji naongeza. Ukienda 20 na kitu utaanza kusikia vimlio kama vya majimaji nyuma ya maneno na herufi s na sh zinaliwa. Feni ya mbali inayosikika kidogo haimsumbui mtu, ila sauti ya mzee iliyoharibiwa inamsumbua kila mtu.

Tatu ni kurekebisha rangi ya sauti. Ikiwa nzito ya kuvimba punguza kidogo kati ya 200 na 400 Hz, ikiwa imezibwa ongeza kidogo pale 3000 mpaka 5000, na kwa kidogo namaanisha desibeli 2 au 3. Nne ni kompresa ya wastani, uwiano wa 3 kwa 1, ili pale anaponong'ona na pale anapocheka visipishane sana. Mwisho Loudness Normalization kwenye -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani), hapo ndio YouTube inaposawazishia video zake, ukipeleka yenye nguvu zaidi inaipunguza, halafu limiter, ile inayozuia sauti isivuke kikomo, kwenye -1. Toa faili ya WAV ya 48000 Hz, irudishe kwenye CapCut au unapoeditia, zima sauti ya asili ya video na uoanishe kwa lile kofi. Rekodi ikiwa ndefu angalia na mwishoni pia, simu mbili hazitembei sawa sawa, baada ya nusu saa midomo inaweza kuanza kuachana na maneno, ikate vipande na usogeze kila kimoja.

Asie na kompyuta, CapCut ina kitufe cha kupunguza kelele na kinafaa. Enhance Speech ya Adobe Podcast inafanya kazi kwenye kivinjari na inaweza hata kupunguza mwangwi, ila isikilize neno kwa neno, hasa mzungumzaji akichanganya Kiswahili na Kimakonde au Kihaya, au akiwa mzee asie na meno, wakati mwingine inatengeneza silabi ambayo hakuisema. Kama kuna kile kitelezi cha kuchagua nguvu ya usafishaji kiweke nusu, isiwe yote. Na ile rekodi ya asili usiifute kamwe.

Kabla ya kuipandisha isikilize kwenye spika ya simu ya kawaida, ile ya watazamaji wako, ukiwa umekaa nje na kelele zako za kila siku. Kuna neno ulilikosa? Weka maandishi hapo chini. Na ukimtumia mtu kwa WhatsApp akaikague au akaipandishe yeye, tuma kama dokumenti, ukituma kama video ya kawaida inabanwa na sauti inabanwa nayo.